Sentimita Nane na Nusu

Mume wangu walimwita Skeli huko ofisini kwao, na jina likamfuata mpaka nyumbani, mpaka sokoni, mpaka kwa watoto wa jirani waliokuwa wakimwamkia "Shikamoo Mzee Skeli" wakidhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Alichora ramani miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya ardhi, chumba cha nyuma, meza ya mteremko, kiti kisicho na mgongo. Alikuwa mtu wa kupima. Mwaka wa pili wa ndoa yetu alikisogeza kitanda sentimita nne kwa sababu, eti, hakikuwa sambamba na ukuta. Nikamwambia, "Wewe ungeoa rula." Akasema rula haijui kutukana, angeboreka. Tulicheka sana siku zile.

Mimi nina duka la fotokopi, mkabala na ofisi hizo hizo. Mashine moja kuukuu inayokohoa kabla ya kutema karatasi, kaunta ya mbao, stepla iliyofungwa kwa kamba maana watu hawana haya. Vyeti, mikataba, barua za kuomba kazi, mitihani. Kwangu mteja hasubiri. Yeye kazi yake ilikuwa ya taratibu, mimi yangu ni ya chapuchapu, na hilo nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililotuumiza.

Alipostaafu nilidhani atafuga kuku kama wenzake. Thubutu! Alikwenda kununua detekta kutoka kwa jamaa mmoja aliyechoka kutafuta dhahabu bila kuiona. Ni fimbo ndefu yenye sahani chini na spika ndogo juu. Unaipitisha juu ya ardhi polepole, ikilia ujue chini kuna kitu cha chuma, au shaba, au fedha. Nikamuuliza kama sasa atatafuta dhahabu. Akanitazama kama niliyemwambia akaibe.

"Dhahabu ni bahati," akasema. "Mimi natafuta watu walipokuwa."

Hapo ndipo ramani zilipoingia. Ukimpa mtu mwingine ile mashine, atazunguka uwanjani kama kuku aliyekatwa kichwa. Skeli alianzia mezani. Alikuwa na kabrasha la ramani za zamani, zile alizowahi kuzinakili kwa mkono wake zikiwa zinataka kuoza. Anaibandika ya zamani kwenye kioo cha dirisha, juu yake anaweka ya sasa, jua linapenya zote mbili, halafu anatafuta kilichokuwepo na sasa hakipo. Njia mbili za miguu zilizokutana kabla ya lami. Kivuko kabla ya daraja. Kisima, soko, kambi. Alikuwa akisema watu hudondosha vitu wanapopumzika, wanapolipana na wanapogombana, kwa hiyo tafuta penye kivuli, penye biashara na penye pombe. Na mara nyingi alipata kweli. Vifungo, sarafu zilizotoboka, kufuli, kijiko, funguo. Alivipanga kwenye makopo, kila kopo na karatasi yake: mahali, kina, tarehe. Hakuuza hata kimoja.

"Wenzako huleta nyama nyumbani," nikamtania. "Wewe unaniletea misumari."

"Misumari haiozi," akajibu.

Mama mkwe wangu alikuwa akiishi nasi, chumba cha uani, macho yamekwisha kuwa na ukungu lakini masikio makali kuliko ya paka. Ukifungua chungu jikoni, anakuuliza unatafuta nini. Mimi na yeye tuligombana miaka ishirini kuhusu chumvi, na ninasema kweli, nilimpenda kuliko ndugu zangu wawili wa kuzaliwa nao. Jioni moja alikuwa amekaa kibarazani akivipapasa vitu vya ndani ya kopo. Akashika pete ya shaba iliyoliwa na kutu ya kijani. Akaigeuza, akaigeuza. Kisha akauliza, "Mashine yako hiyo, baba, inaweza kumwona dada yako?"

Dada tulimjua sote. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama mkwe, akafa kwa homa akiwa na miaka minne, kabla mume wangu hajazaliwa. Alizikwa kwenye makaburi ya kambi ya wafanyakazi, kule kwenye shamba kubwa ambako baba mkwe alikuwa akiendesha toroli la reli ndogo. Baadaye shamba likafungwa, kambi ikabomolewa, watu wakapakiwa kwenye malori na trekta likalima mpaka juu ya makaburi. Halikubaki jiwe. Lakini mama hakukubali kabisa mtoto yule asahauliwe. Akimtaja, alimwambia mwanawe, "Dada yako mkubwa." Alipokuwa mdogo, mume wangu alilazimishwa kumwamkia kabla ya kulala, "Shikamoo dada," kuelekea ukutani. Alinisimulia mwenyewe, kwa aibu.

"Alizikwa na bangili," mama akasema. "Shaba. Baba yako aliisokota mwenyewe kutokana na waya wa reli, mizunguko miwili, ncha akazigonga bapa zisimchome. Niliwakataza wasimvue." Akaiweka ile pete ndani ya kopo. "Mimi sina siku nyingi. Nataka mnilaze naye. Basi. Sitaki jingine."

Basi hilo ndilo lililokuwa lengo letu. Kumpata mtoto kabla mama hajafa, ili mama alazwe pembeni yake. Ardhi ile ilikuwa imekaa pori tu, haina mwenyewe anayeonekana, na mwenyekiti wa eneo alishasema mkipata kaburi lenu, zikaneni hapo, nani atawazuia.

Ramani ya shamba lile ilikuwepo, moja tu, kwenye masijala ya ofisi ya ardhi. Ilionyesha kambi, nyumba moja moja kama viboksi, reli ndogo, daraja la kijito, na upande wa mashariki mraba wenye misalaba midogo: makaburi. Lakini mstaafu haruhusiwi kuingia masijala, na karatasi haitoki nje. Skeli aliyelinda sheria ile miaka thelathini na mmoja sasa akawa anaizunguka kama mwizi. Akazungumza na dada wa masijala, aliyewahi kufanya naye kazi. Dada akakubali: saa ya chakula cha mchana ataileta dukani kwangu, nitoe nakala, aondoke nayo.

Siku yenyewe Skeli alikuwa amempeleka mama kliniki ya macho. Dukani kulikuwa na foleni ya wanafunzi, kila mmoja ana cheti na kila mmoja amechelewa. Dada wa masijala akaingia, ramani ameiviringisha ndani ya khanga, jasho linamtoka. "Fanya haraka, mama, bosi anarudi."

Nikailaza kwenye kioo. Ilikuwa kubwa, saizi ya karatasi pana, na ukingo wa chini ulizidi kioo kwa vidole viwili. Nikaukunja. Halafu nikaona trei ya karatasi pana haina kitu, zimebaki za kawaida. Kwenda stoo ni dakika tatu. Wanafunzi wananitazama. Basi nikafanya ninachofanya mara ishirini kwa siku: nikabonyeza kitufe cha kupunguza, asilimia sabini na moja, ya karatasi pana ikaingia kwenye ya kawaida. Ikatoka safi, kila msalaba unaonekana. Juu kabisa maandishi yamesomeka vizuri: skeli, moja kwa elfu mbili na mia tano, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita ishirini na tano za ardhi. Dada akaikunja khanga yake, akatoka mbio.

Jioni nikampa mume wangu. Akaishika kwa ncha za vidole kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

"Hukuipunguza?"

Sasa sikiliza. Miguu ilikuwa inaniuma. Nilijua nikisema ndiyo, nitahubiriwa nusu saa kuhusu uwiano, kisha nitaambiwa nimwite tena dada wa masijala. Nikasema, "Aa, sikuipunguza bwana, ni hivyo hivyo." Nikaingia jikoni. Kufikia wakati maji yanachemka nilikuwa nimeshasahau kwamba nimesema uongo. Haukuwa hata uongo wa kukosesha usingizi, ni ule wa kumwambia mtu chai iko tayari na wewe hujawasha jiko.

Mtu mwingine yeyote angemwambia vile, Skeli angepima mara tatu. Mimi aliniuliza mara moja tu.

Ukingo nilioukunja ndimo ulimokuwa ule mstari mdogo wa kupimia, unaochorwa chini ya ramani, ambao hata ukipunguza karatasi nao hupungua pamoja nayo, hivyo haukudanganyi kamwe. Ungekuwepo, angeona. Haukuwepo. Yakabaki maandishi, na maandishi hayapungui kwa kuwa nimebonyeza kitufe.

Ninachokumbuka, na kinaniuma, ni jinsi alivyokuwa makini. Kati ya vyote vilivyochorwa pale, kilichobaki leo kilikuwa kimoja: kisiki cha nguzo ya lile daraja la reli, kwenye kijito. Kutoka pale angefuata dira mpaka katikati ya makaburi. Akaniambia kaskazini ya dira huhama kidogo kidogo miaka inavyokwenda, kwa hiyo usipoirekebisha utapotea. Akaketi siku mbili akitafuta ilihama nyuzi ngapi tangu mwaka wa ramani ile. Akarekebisha mpaka nusu ya nyuzi. Akapima kwenye karatasi kwa rula yake ya chuma: sentimita nane na nusu. Mita mia mbili na kumi na mbili na nusu, basi. Akaandika, akapiga mstari chini.

Tukaenda, sisi watatu, mama tumemkodia teksi mpaka lami inapoishia, halafu tukamshika mikono. Skeli akavuta futi kutoka kwenye kisiki, akapigilia kigingi. Akafunga kamba, akagawa viwanja kama vya bustani. Mama tukamketisha kwenye kiti cha kukunja, kandoni. Akainamisha kichwa akisikiliza.

"Siyo hapa," akasema.

"Mama, hata sijaanza."

"Siyo hapa, baba. Nilikuja kila asubuhi mwaka mzima. Pale nilipomlaza, maji hayasikiki. Nilikuwa nikitoka kijitoni nikiyasikia, yanapungua, yanapungua, yakinyamaza nakuwa nimefika. Hapa nayasikia. Twende mbele."

Skeli akacheka kwa upole. "Hayo ni magari ya barabara kuu, Mama. Siku hizo hayakuwepo."

"Mimi nisijue maji na magari?"

"Ramani inasema hapa. Ramani haizeeki. Sisi ndio tunaozeeka."

Mama akanigeukia mimi, na macho yale yasiyoona. "Mkwe wangu, wewe unasikia nini?"

Nilisikia maji. Mbali, juu ya mawe, lakini nilisikia. Na mbele yetu kulikuwa na kichaka cha miiba kirefu kuliko mtu, jua limewaka, na mume wangu amesimama na rula yake akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu astaafu. Nikasema, "Upepo tu, Mama."

Misimu miwili ya kiangazi tulitafuta pale. Kila Jumamosi na Jumapili. Mashine ikalia, tukachimba: misumari, kopo, kipande cha jembe, kijiko, kifungo cha suruali. Kumbe tulikuwa kwenye nyumba za kambi, ndiyo maana vitu vilikuwa vingi, na wingi ule ukazidi kumpa imani. Akapanua viwanja mita thelathini kila upande, akasema wapimaji wa zamani walikosea, lakini hawakukosea zaidi ya hapo. Akaishia penye miiba. Bangili haikuonekana.

Msimu wa pili ulipokwisha alimwambia mama. Nilikuwepo, nakata mboga. Alisema kwa upole, na upole ule ndio mbaya. "Mama, pengine alizikwa kwingine. Miaka sitini na kitu, akili huchanganya. Pengine umesahau."

Mama hakubisha. Mwanamke aliyebishana nami miaka ishirini kuhusu chumvi, hakubisha. Akasema, "Pengine, baba."

Tangu siku ile akaanza kupungua. Chakula akawa anakigusa tu. Asubuhi moja nikimfunga kilemba akaniuliza, "Hivi nilimzika mimi mwenyewe, au niliambiwa tu?" Nikasema ulimzika wewe, Mama. Siku nyingine akauliza kama bangili ilikuwa ya shaba au ya chuma, naye ndiye aliyetuambia. Na kwenye wiki zake za mwisho, mvua inapiga mabati, akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona aibu, "Hebu niambie ukweli. Nilizaa kweli yule mtoto?"

"Ulizaa, Mama."

"Sasa mama gani anasahau alipomlaza mwanawe?"

Nikamvutia blanketi mpaka mabegani. Tukamzika makaburi ya manispaa, mstari wa kumi na tisa, kibao cha bati chenye namba. Kulia kwake amelala mtu tusiyemjua, na kushoto vilevile.

Mwaka ukapita na zaidi. Kule porini akajitokeza mwenye ardhi, akafyeka miiba, akamwaga zege eneo zima, yadi ya malori. Tuliuona ukuta wake tukiwa ndani ya basi. Skeli akageuza uso. Detekta ilikuwa nyuma ya kabati, imefunikwa gunia.

Halafu asubuhi moja dada wa masijala akaingia dukani, safari hii mchana kweupe, na barua ya ruhusa. Mwenye yadi anagombania mpaka, ofisi inataka nakala ya ramani ya shamba. Hakukuwa na foleni. Trei ya karatasi pana ilikuwa imejaa. Nikaitandaza kwenye kioo, nikaiona pana kama meza, nikaona ukingo wa chini wenye ule mstari mdogo. Kidole changu kikawa juu ya kitufe, na kidole kikakumbuka kabla yangu.

Nilimwomba dada anipe rula. Kutoka darajani mpaka kwenye misalaba: sentimita kumi na mbili. Mita mia tatu.

Nikakaa sakafuni, nyuma ya kaunta. Dada akadhani ni presha, akaniletea maji. Karibu mita tisini. Mama alisema twende mbele. Alisema, na mimi nilisikia maji yale kwa masikio yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini wetu guu halikuvunjika. Tulimvunja yeye.

Nilifikiria kunyamaza, sitajifanya malaika. Nilinyamaza siku tatu. Siku ya nne mume wangu alikuwa anasafisha makopo yake, akasema hivi hivi, bila kunitazama, "Maskini Mama. Akili ilishamwacha, na mimi nikamsumbua." Nikashindwa. Nikamwambia yote, kitufe, ukingo, uongo, maji. Nilisema nimesimama, kitambaa cha vyombo mkononi.

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Aliuliza tu, "Asilimia ngapi?"

"Sabini na moja."

Akafunga macho, nikaona midomo inachezacheza. Anakokotoa. "Mia tatu," akasema. Nikaitika kwa kichwa. Akasema, "Nilimwambia amesahau." Halafu akasema tena, "Nilimwambia mama yangu amesahau." Akalia. Sikumgusa, niliona sina haki hiyo.

Jumapili tukaenda. Akavuta futi kutoka kwenye kisiki, mita mia tatu kamili, na mlinzi wa yadi, mzee mwenye koti la mvua, akatufungulia geti kwa sababu Skeli alimwambia anatafuta ndugu. Futi ikaishia kati ya malori mawili, juu ya zege. Akaiwasha detekta. Ikalia. Akasogea hatua, ikalia. Kushoto, kulia, nyuma, inalia tu, haipumui.

"Mzee," mlinzi akasema, "chini hapo ni nondo tupu. Wamezisuka kama wavu. Itakulilia mpaka kesho."

Skeli akaizima. Malori yote yalikuwa yamelala. Akasimama, kichwa ameinamisha upande, kama mama yake siku ile kwenye kiti cha kukunja. Nami nikatega sikio.

"Unasikia nini?" akaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuniongelesha tangu asubuhi.

"Sisikii kitu," nikasema, na safari hii nilisema kweli.

Akapiga magoti, mzee wa miaka sitini na tano, akaweka kiganja kwenye zege lenye mafuta ya malori. "Shikamoo dada," akasema. Mlinzi akavua kofia bila kuelewa. Mimi nilibaki nimeshika ncha ya futi, nikimlilia mama mkwe wangu aliyekufa akiamini amemsahau mwanawe.